Kigoda Katikati ya Spika

Kawangware,
Nairobi.
Jumapili, 9 Juni 1996.

Mpendwa shemeji Morris,

Umeamkaje huko Francistown? Kifua kimepoa? Mara ya mwisho ulisema baridi ya huko inakata kuliko ya Limuru, na kwamba wanafunzi wako wanaingia darasani wamejitanda blanketi. Natumai wewe pia umejipatia yako, wala hujioni mwalimu mno kujifunika. Sisi hapa tu wazima. Masika imetuachia tope la kutosha, lakini limeanza kukauka, na siku hizi mtu akienda sokoni anarudi na viatu vyote viwili.

Lavender yuko darasa la kwanza. Ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anataka kusoma kwa sauti kuliko wenzake wote. Kazi yangu ya makochi inaendelea. Kila mteja sasa anataka kochi la kona, hata yule ambaye nyumba yake haina kona ya ziada. Ninamtengenezea tu, atajua mwenyewe pa kuliweka.

Barua uliyomwandikia dada yako nimeisikia. Sella alinisomea kwa sauti, na pale uliponitaja akasoma mara mbili. Umesema nimemfukuza mama yenu kwa ajili ya masanduku ya muziki, na kwamba mtu mwenye akili timamu angeyauza akanunua kitanda cha pili. Sikukasirika. Kama ningekuwa mbali hivyo, na habari nimeipata nusu kwa simu ya kibanda inayokatika, ningeandika makali zaidi.

Basi ujue kwanza kwamba Mama yuko hapa, anakula, na anamsumbua Sella kama kawaida. Habari ya jicho itafika zamu yake. Tulia usome kwa mpangilio, kwa sababu kuna jambo nataka kukuomba, na nikianza na mwisho utaniona nimechanganyikiwa.

Si masanduku, shemeji. Hapo ndipo kila mtu anapokosea. Spika uzijuazo wewe ni sanduku lenye tundu, na ndani ya tundu kuna kile kikombe cha karatasi kinachotetemeka. Hizi zangu ni bapa. Kila moja ni ndefu kama mlango, upana wake ni nusu ya mlango, na unene hauzidi vidole viwili. Nilipozisukuma kwa mkokoteni kutoka Lavington, kijana mmoja pale kituoni aliniuliza, "Fundi, hizo milango umetoa kwa nani? Mwenyewe analala wazi?" Mpaka leo kuna watu wananiita fundi wa milango.

Zilikuwa za mwalimu wa muziki, Mholanzi mmoja mrefu mpole. Aliniita nibadilishe kitambaa, maana spika hizi huvishwa kitambaa kama kochi, na paka wake alikuwa amekichanachana. Nilipokivua nilitafuta kile kikombe sikukiona. Kulikuwa na plastiki nyembamba kama ya kufungia mkate, imebandikwa nyaya juu mpaka chini, na nyuma yake bati lenye matundu limejaa sumaku. Na wewe unajua mafundi wa makochi tunafanya kazi na misumari mdomoni. Niliinama kuchungulia, nikatema misumari miwili mkononi, ikaniruka ikaenda kunata kwenye ile spika. Yule mwalimu alicheka hadi akakaa chini.

Kisha akaniketisha kwenye kiti chake akaniwekea kaseti. Morris, sijui nikuambieje. Nimekulia na redio, najua muziki unatoka kwenye redio. Huu haukutoka mahali. Ulikuwa tu humo chumbani, na mwimbaji alisimama mbele yangu katikati ya zile spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Niliinuka nikaenda kupapasa pale hewani. Sikuona haya.

Mwalimu alipomaliza mkataba wake akaona kuzisafirisha hazisafirishiki, akaniachia mimi pamoja na amplifaya yake na kikapu cha kaseti. Kaseti nyingi alizirekodi mwenyewe akizunguka na vipaza sauti vyake viwili. Alisema anaziacha kwa mtu aliyeinuka kupapasa.

Sasa kuishi nazo ni jambo lingine. Nyumba yetu unaijua, chumba kimoja, ukuta wa mbao, kitanda kule nyuma na makochi huku mbele, na katikati pazia. Spika hizi ukizisukuma ukutani zinanuna. Sauti inakuwa nzito kama ya mtu anayesemea ndani ya godoro. Zinataka kusimama mbali na ukuta na ziachane kidogo, kwa sababu zinatoa sauti mbele na nyuma, sawa kwa sawa. Nilihangaika nazo wiki nzima, na mahali pekee zilipokubali ni pale pale palipokuwa na pazia. Basi pazia nikalitoa.

Dada yako alisema maneno yake. "Benard, hii kitu inakula nyumba. Kabati umetoa, pazia umetoa, sasa bado mimi." Lakini baada ya siku chache nikakuta amezivalisha vitambaa vyake vya kufuma, vile vyeupe vya kuwekea redio, na kwa kuwa vina matundu sauti inapita bila shida. Na zile sumaku amezipa kazi. Sindano zake zote na pini zote zinakaa hapo ubavuni mwa spika zimejipanga, na sindano haipotei tena nyumbani kwetu. Amplifaya ikiwashwa balbu yetu hufifia, na ya jirani pia. Vijana wa ploti, tunaopanga nao ua mmoja, walikuja kusikiliza wakatoka wamekunja uso. "Fundi, hii haina besi. Hii ni ya wazee." Nilifurahi, maana hawakurudi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi Mama alipokuja Nairobi kwa ajili ya macho.

Wewe unajua kwetu ilivyo, na usijifanye umesahau kwa kukaa ugenini. Mama mkwe haoni kitanda cha mkwe wake, wala halali chini ya paa lake. Mimi na yeye hatupeani mkono, hatuli pamoja, na maneno yetu yanapitia kwa Sella. Tulikuwa tumejipanga vizuri. Jirani yetu Kavindu, yule mama wa Kitui anayeuza nyanya, alikubali Mama alale kwake, chumba cha pili, tunatengwa na mbao tu. Mchana angekaa kwetu na binti yake, mimi nikiwa kazini. Kila kitu tulikifikiria isipokuwa lile pazia.

Mama alifika asubuhi. Macho yake yalikuwa yameharibika kuliko tulivyoambiwa. Lavender alimkimbilia akashikwa usoni kwanza ndipo akatambuliwa. Mimi nilisimama mbali nikamsalimu kwa heshima, naye akaitikia akiangalia upande mwingine. Sella akamshika mkono kumwingiza. Sasa, kwa heshima ya mgeni, Sella alikuwa ametandika lile shuka jeupe la harusi, na dirisha la ubavuni mwa kitanda lilikuwa wazi. Mama aliweka mguu mmoja ndani, akatazama mbele katika lile pengo la spika, na yale macho ambayo hayakumwona mjukuu wake yakaona kitanda.

Alirudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Hakugombana. Alienda kuketi mlangoni kwa Kavindu na mzigo wake magotini, akasema apelekwe kwa Murunga kule Silanga, na kutoka huko arudi nyumbani. Murunga ni mtoto wa dada yake, lakini wewe unamjua. Chumba chake kiko ukingoni mwa bwawa, kimejaa makaa yake ya kuuza, na mtu mwenye macho mazima mwenyewe anatoka humo akilia. Hospitali ilikuwa imempa Mama nafasi baada ya wiki mbili. Kama angeondoka, nani angemrudisha tena? Daktari alishasema jicho la kulia likiachwa litafunga kabisa, na la kushoto liko njiani. Sella alisimama hapo nje akanitazama, na sikuhitaji kuambiwa.

Nilisukuma spika zikagusana nikalifunga pengo. Ubavuni nikatundika leso za Sella. Nyumba ikawa na ukuta mpya na Mama akaingia akanywa chai. Kwa hiyo, shemeji, hapo ulipoandika kwamba nilipenda muziki kuliko mama yenu, ujue siku hiyo hiyo muziki ulikufa. Spika zikigusana hakuna anayesimama katikati. Wote wanarundikana mahali pamoja kama watu wa foleni ya maji.

Siku nne nilivumilia. Ya tano, jioni baada ya chakula, Mama akiwa ameshakwenda kwa Kavindu, nikazitenganisha taratibu nikaweka kaseti moja ninayoipenda. Ni ya mzee wa upande wetu, anapiga nyuzi za litungu na kuimba peke yake. Yule Mholanzi alimrekodi uani kwake, mpaka kuku unawasikia. Nikaweka sauti ya chini kabisa, kwa adabu.

Haukupita muda nikasikia ukuta wa Kavindu ukigongwa. Ko. Ko-ko.

Kwenye ploti ukuta ukigongwa maana yake ni moja tu: punguza. Hata mtoto wa chekechea hapa anajua. Na aliyeko upande wa pili ni mama mkwe wangu! Nilizima mbio hadi nikang'oa waya. Nilikaa gizani nimejishika kichwa, nikiwaza nimemsumbua mgonjwa.

Kesho yake nikajiambia labda ilikuwa sauti. Nikafungua chini zaidi, kunong'ona tu. Mzee hajamaliza hata ubeti wa kwanza, ukuta ukagongwa tena. Ko. Ko-ko. Nikazima. Siku ya tatu sikuthubutu kugusa kitu. Nilizisukuma spika zikagusana, nikalala mapema, nikajiona mkwe mwenye heshima kupita wote wa Bungoma.

Kumbe kule upande wa pili mambo yalikuwa yanaharibika. Mama aliacha kuzungumza. Chai alikunywa nusu. Ijumaa akamwambia Sella, "Mwambie Murunga anichukue Jumapili akitoka kanisani. Nimekaa vya kutosha." Sella akamkumbusha kwamba hospitali ni Jumanne. Akajibu kwamba macho ni yake, na kama ameishi nayo mpaka sasa ataendelea kuishi nayo. Akaanza kufunga mzigo kwa kupapasa, leso kwa leso, na alipokosa kitu hakuomba msaada.

Dada yako alinijia mkali. "Umemfanyia nini mama yangu?"

"Nimemfanyia nini? Nimezima!"

"Umezima nini?"

Hatukuelewana usiku ule. Ukweli ni kwamba niliumia, Morris. Nilihisi nimekunja nyumba yangu nikaitia mfukoni kwa ajili ya mtu, na bado haikutosha.

Ni Kavindu aliyetufungua macho, Jumamosi asubuhi pale kwenye bomba. Aliweka mtungi wake chini akaniambia mbele ya watu, "Wewe fundi, kwa nini unazimia mama ya watu ngoma?"

"Ngoma gani?"

"Si ile yako! Huyo mama akisikia anakaa wima, anapiga ukuta na mkono, hivi, hivi. Anafurahi kama msichana. Halafu wewe unazima! Mara ya kwanza nikasema stima imepotea. Mara ya pili akaniuliza, 'Mkwe wangu hataki nimsaidie kuimba?' Mimi ningemwambia nini?"

Nilisimama na ndoo yangu ikijaa na kumwagika. Mama alikuwa anapiga ngoma! Yeye katokea wapi kujua lugha ya kuta? Nyumbani kwenu kutoka mlango wenu hadi wa jirani ni shamba zima la mahindi. Alisikia litungu likipigwa, na kwetu litungu halipigwi watu wakaketi mikono mapajani, kwa hiyo akashika mdundo kwa kile kilichokuwa karibu. Na kwa sababu spika hizi zinasema nyuma kama zinavyosema mbele, na nyuma yake ni kitanda, na nyuma ya kitanda ni mbao za Kavindu, yeye alikuwa akimsikia yule mzee vizuri kuliko hata mimi. Kila alipoingia kwenye wimbo, mkwe wake aliukata. Ukifikiria alivyofikiria yeye, hata wewe ungefunga mzigo.

Nilicheka, kisha nikaogopa. Sella alienda kumweleza. Mama alimsikiliza hadi mwisho akamwambia, "Wewe ni bibi yake, lazima useme hivyo." Akaendelea kukunja leso. Na mimi siwezi kuingia nikaketi mbele yake nikajitetea. Ningefanya hivyo ningekuwa nimekosa mara ya pili.

Jumamosi jioni nikafungua pengo. Nikaweka ile kaseti, safari hii sauti ya mtu mzima, balbu ikafifia. Mzee akaanza. Nilitega sikio ukutani, kimya. Wimbo wa kwanza ulikwisha, ukuta haukusema kitu. Nilijua yuko macho, nilisikia kitanda cha Kavindu kikilia. Wimbo wa pili ukaanza, ule wa kasi kidogo, na kesho yake Murunga anakuja.

Basi nikapita nyuma ya spika, nikapiga magoti juu ya kitanda changu, nikagonga ukuta mimi mwenyewe. Ko. Ko-ko. Kama alivyokuwa akigonga yeye. Nikarudia. Sella alinitazama, amemshikilia Lavender ambaye alitaka kugonga pia. Niligonga mpaka vidole vikauma, na mdundo ulinipotea mara mbili nikauokota tena, mimi si mtu wa ngoma.

Halafu, karibu na mwisho, upande wa pili ukajibu. Polepole kwanza, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Ko. Nami nikaendelea. Ko-ko. Tukaenda pamoja mpaka wimbo ukaisha, na sikuzima. Kaseti ikabaki ikivuma tu, kuku wa yule mzee wakalia, wimbo mwingine ukaanza, naye Mama akauingia kabla yangu. Nililia, shemeji. Sina haja ya kukuficha.

Na hapo ndipo ikasikika sauti ya Kavindu, "Fundi! Ongezea kidogo!" Nimeishi kwenye ploti tangu nije Nairobi, na sijawahi kusikia ukuta ukiomba zaidi.

Murunga alikuja Jumapili amevaa koti la kanisani. Mama akampa chai na mkate, akamwuliza habari za makaa, akamrudisha Silanga mikono mitupu. Maskini alikuwa amefagia chumba.

Jumatatu niliwahi kazini nikakata kitambaa kizito cha kochi, cha rangi ya kahawia, nikashona pazia jipya. Nililitundika nyuma ya spika, kati yake na kitanda. Sasa pengo liko wazi na kitanda hakionekani. Sauti imepungua kidogo upande wa Kavindu, lakini hajalalamika, na Mama anasema bado anamsikia mzee.

Mchana huo Sella alimketisha Mama kwenye kochi langu, mahali pangu hasa, akamwekea kaseti. Mimi nilikuwa nimerudi kazini, haya nimeambiwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kutoka mbele. Mzee akaanza kuimba pale katikati. Mama akainua uso, akageukia pale pale, kisha akamkaripia Sella kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie. "Mmemsimamisha mzee wa watu tangu saa ngapi? Mpe kiti!"

Sella alicheka. Kisha akaona Mama hatanii. Yale macho yalikuwa yakiona mwanga na kivuli tu, na masikio yalimwambia kuna mtu mzima amesimama mbele yake akiimba, na yeye ameketi. Basi Sella akachukua kile kigoda cha jikoni akakiweka katikati ya spika. Mama akatulia, akaanza kupiga mapaja yake.

Jumanne alipasuliwa jicho la kulia. Jumatano wakafungua bandeji. Kitu cha kwanza alichoona ni dada yako, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Sella, umekonda. Huyu Benard hakulishi?" Kwa hiyo unaweza kuona kwamba jicho linafanya kazi vizuri sana. Anaona mabango ya dukani kutoka mbali. Jana alimwonyesha Kavindu nyanya iliyooza chini ya fungu. Mungu ametutendea, na mikono ya wale madaktari ibarikiwe.

Sasa hili ndilo nililokuwa nikilijia. Aliporudi kutoka hospitali aliingia kwetu mchana, mimi sipo, akasimama akatazama. Alizigusa zile spika moja baada ya nyingine, akaona vitambaa na sindano za Sella. Akasema, "Ni hizi tu? Milango?" Akachungulia pengo, akaona pazia, akaona kile kigoda hakina mtu. Sella anasema yeye mwenyewe aliona aibu kwa niaba yake, akainama akiondoe.

Mama akamwambia, "Wacha hapo."

"Mama, si umeona hakuna mtu?"

"Nimeona. Morris akija na sauti, ataketi wapi?"

Alikuwa amemsikia Lavender akisema kwamba mtu yeyote akiwekwa kwenye kaseti anasimama pale. Sasa, shemeji, tangu uondoke mwaka wa tisini Mama amekuwa akisomewa barua zako. Anazipenda, lakini zinamfikia kwa sauti ya Sella, na wakati mwingine kwa sauti ya mwalimu wa kanisa anayekohoa. Wewe mwenyewe hajakusikia. Simu ya kibanda alijaribu mara moja akaikataa, alisema inasema kama nyuki.

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu. Weka pesa zako na kitanda chako cha pili. Tafuta kaseti tupu, na rafiki mwenye redio ya kurekodia. Keti karibu na kipaza sauti, usipaaze sauti wala usiharakishe. Usihubiri. Mwamkie kwa lugha yetu, mtaje kwa jina lile ulilokuwa ukimwita ukiwa mdogo, mwambie umekula nini na unalala saa ngapi. Ukikohoa, acha kikohozi kibaki. Ukitaka kuimba, imba, atakushikia mdundo. Kaseti mpe yule dereva wa magari makubwa aliyetuletea barua ya Krismasi. Mama atakuwa hapa hadi daktari aangalie jicho la pili, mwisho wa Julai, halafu anarudi nyumbani ambako hakuna spika wala stima.

Kigoda bado kipo. Lavender alikikalia jana akaambiwa ahame.

Nisalimie majirani zako wa huko, hasa yule mama Mtswana aliyekupikia ulipougua. Sella anakusalimu, anasema ule ukurasa ulionitukana, aliokuwa ameukunja kwa hasira, ameshaukunjua. Lavender anasalimu kwa mapengo yake. Kavindu hakujui lakini anasalimu. Murunga naye yumo, ingawa bado amenuna kwa sababu ya kufagia bure.

Mungu akulinde katika baridi hiyo na akurudishe kwetu siku moja ukiwa na miguu yako, siyo sauti peke yake.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, ambaye hajakupunja hata salamu moja,

Benard Wanzala

N.B. Nilipokuwa nikikunja karatasi hii ukuta umegongwa, mara mbili, na hakuna muziki wowote. Nimemtuma Sella aulize. Amerudi akasema Mama anataka kujua kama nimekuandikia habari ya kigoda. Nimegonga ndiyo. Amegonga tena.